UKIBONYEZA "JIBU", UNAMJIBU NANI?
Somo juu ya kuchangia mijadala ya programu kwa barua pepe

Na Katibu Mwenezi wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

UTANGULIZI

 

Mlezi wa chama aliniita ofisini akaniambia, "Katibu, kila mwaka tunaandika juu ya ngeli na methali mpaka wasomaji wanadhani Kiswahili hakijui kuwasha tarakilishi. Safari hii tuandikie jambo la kisasa." Nikamjibu, "Sawa, Mwalimu," ingawa moyoni sikujua nianzie wapi. Baadaye nikakumbuka jambo moja nililolifanya vibaya nikiwa Kidato cha Pili, likaniaibisha mbele ya watu nisiowajua. Nimeona heri niliandike, kwani aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na asiyeumwa hana budi kuambiwa nyoka yuko wapi.

Somo letu ni hili: namna ya kutoa maoni katika mjadala wa mradi wa programu kwa kuijibu tu ile barua pepe ya arifa unayoletewa. Ni jambo jepesi kama kumeza mate. Lakini ndani yake mna mtego, na mimi niliunasa kwa miguu yote miwili.

PROGRAMU HUJADILIWA WAPI NA KINA NANI?

Wengi wetu hudhani programu ya tarakilishi hutengenezwa na mtu mmoja mwenye miwani, amejifungia chumbani. La hasha! Programu nyingi, hasa zile ziitwazo programu huria, hutengenezwa na watu walio mbalimbali ambao huenda wasionane maisha yao yote. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na waundaji, uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuutumia na kuurekebisha.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mradi wa OpenMRS, ambao ni programu ya kuweka kumbukumbu za wagonjwa, ulianzishwa mwaka wa 2004 na wataalamu wa Marekani waliokuwa wakishirikiana na wenzao wa Eldoret. Programu yenyewe ilianza kutumika huko Eldoret mwaka wa 2006, na tangu hapo imeenea katika nchi nyingi. Mradi wa Ushahidi nao ulizaliwa papa hapa Kenya mapema mwaka wa 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ili wananchi waweze kuripoti yanayotokea na ripoti hizo zionekane kwenye ramani. Msimbo wa miradi yote miwili uko wazi.

Sasa, watu hawa walio Nairobi, Kampala, Indianapolis na kwingineko huelewana vipi? Huelewana kwa maandishi. Mtu akiona kasoro, huandika suala. Suala hupewa nambari. Chini yake wengine hutoa maoni, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakubaliane. Mali bila daftari hupotea bila habari, na suala ndilo daftari la mradi. Kila anayefuatilia suala hilo huletewa barua pepe ya arifa kila mara neno jipya linapoandikwa.

TULIKOTOKA

Barua pepe ni mzee kuliko wengi wa walimu wetu. Mwaka wa 1971, mhandisi Mmarekani aitwaye Ray Tomlinson alituma ujumbe kutoka tarakilishi moja hadi nyingine kupitia mtandao, naye ndiye aliyeichagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine. Mwaka wa 1982 kanuni za umbo la barua hizo ziliandikwa upya, na ndani yake mkawa na vichwa vya kuonyesha barua hii ina kitambulisho gani na inajibu barua ipi. Kumbuka vichwa hivyo, tutavirudia.

Waundaji wa programu waliitumia barua pepe tangu mapema. Linus Torvalds alipotangaza kazi yake ya Linux akiwa Helsinki, Ufini, mwaka wa 1991, watu walimletea marekebisho kwa njia hiyo, na hata leo sehemu kubwa ya mjadala wa kiini cha Linux hufanywa kwa barua pepe. Mradi wa Debian ulipata mfumo wake wa kufuatilia kasoro mwaka wa 1994, kazi ya Ian Jackson. Katika mfumo huo kila kasoro ina nambari, na nambari hiyo yenyewe ni anwani. Ukiiandikia barua, maneno yako huwekwa kwenye kumbukumbu ya kasoro hiyo, hadharani. Ukiongeza neno fulani la kuonyesha kazi imekwisha kwenye anwani, kasoro hufungwa.

Baadaye zikaja huduma zenye kurasa za kupendeza, kama vile GitHub iliyofunguliwa mwaka wa 2008, na GitLab. Hapo mtu huingia kwa jina na nywila, akaandika maoni yake kwenye kisanduku. Hata hivyo barua pepe haikutupwa. Katika GitHub, chini ya arifa huwa na maelezo kwamba unaweza kuijibu barua hiyo moja kwa moja. GitLab nayo iliongeza njia hiyo katika toleo lake la 8.0, Septemba 2015.

BARUA HUJUAJE NJIA?

Hebu tufikirie sanduku la posta la shule yetu. Shule nzima ina sanduku moja tu, lakini barua ya Otieno haimfikii Wanjiku. Kwa nini? Kwa sababu juu ya bahasha, pamoja na nambari ya sanduku, pana jina na nambari ya usajili. Karani akisoma nambari ile anajua barua ni ya nani na aipeleke bweni gani.

Arifa za mradi hufanya vivyo hivyo. Barua inapotumwa kwako, huwekewa anwani maalum ya kujibia. Anwani hiyo huwa na neno la kawaida, kisha alama ya kujumlisha, kisha mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu usiosomeka, halafu ndipo ije alama ya @. Mfuatano ule ni ufunguo. Umetengenezwa kwa ajili yako wewe, na kwa ajili ya mjadala ule. Mwenzako anayefuatilia mjadala uo huo ana ufunguo wake tofauti.

Ukibonyeza "Jibu", hutokea mambo manne, moja baada ya jingine.

Kwanza, barua yako hufika kwenye mashine ya huduma. Mashine huusoma ufunguo, au huvitazama vile vichwa vya barua nilivyokuambia uvikumbuke, ikajua mjadala ni upi na mchangiaji ni nani.

Pili, hujaribu kukata maneno ya barua ya zamani yaliyonukuliwa chini, yale ambayo mara nyingi huanza kwa alama ya >. Huduma nyingine huyaondoa kabisa, nyingine huyaficha nyuma ya kitufe, na nyingine huweka mstari wenye maelezo kwamba uandike juu yake.

Tatu, maneno yanayobaki hubandikwa chini ya suala kama maoni yako, kwa jina lako.

Nne, na hili ndilo watu hulisahau, maoni hayo hutumwa tena kwa barua pepe kwa kila mtu anayefuatilia mjadala, wawe wawili au mia mbili.

Umeona sasa? Barua yako haiendi kwa mtu. Inaenda barazani.

FAIDA ZAKE

Mtu anaweza kuuliza, kwani kuna haja gani ya njia hii, ilhali ukurasa wenyewe upo? Faida zipo, na sisi wa mashambani tunazijua kuliko watu wa mjini.

Barua pepe ni nyepesi. Ukurasa uliojaa picha na vitufe hula bando, lakini barua ya maneno matupu ni kidogo sana. Tena unaweza kuisoma na kuijibu bila mtandao wowote, ukaiacha kwenye kikasha cha zinazosubiri kutumwa. Ukipita mahali penye mawimbi, inakwenda yenyewe. Vilevile huhitaji kukumbuka nywila kila mara, jambo zuri kwa mtu anayetumia rununu ya mzazi. Na zaidi ya hayo, barua hukaa nawe. Hata ukurasa usipofunguka, nakala ya mjadala unayo.

YALIYONIPATA

Sasa nije kwenye kidonda changu.

Katika maabara yetu ya tarakilishi mna programu huria moja ya kuandikia, ambayo sitaitaja jina. Ina menyu ya Kiswahili, jambo la kutia moyo. Lakini pale pa kuhifadhi kazi yako, menyu inasema "Okoa". Siku ya kwanza kuiona tulicheka mpaka mwalimu wa tarakilishi akatutisha kwa adhabu. Okoa! Kwani insha yangu inazama ziwani?

Mwalimu aliponyamazisha darasa alisema, "Badala ya kucheka, kwa nini msiwaambie walioandika?" Akatuonyesha mahali mradi huo unapojadiliwa. Nikafungua suala, nikaandika mistari mitatu kwa Kiingereza, kisha shule ikafungwa kwa likizo ya Agosti.

Kwetu nyumbani mawimbi ni ya kuvizia. Ukitaka mtandao lazima usimame karibu na tangi la maji, uelekee barabarani. Nilikuwa nimeiweka anwani yangu ya barua pepe kwenye rununu ya mama, naye alinipa ruhusa ya nusu saa kila jioni, akishafunga kibanda chake cha ushonaji. Siku ya tatu nikaona arifa. Msimamizi wa mradi, mtu wa Ulaya, aliuliza kwa upole, "Neno hili tulipewa na mtafsiri. Ubaya wake ni upi?"

Ukurasa ulikataa kufunguka. Nikaijibu ile barua. Nikaeleza kwamba kuokoa ni kumtoa mtu au kitu hatarini, kama vile kuokoa maisha au kumwokoa mtoto aliyetumbukia kisimani. Kuhifadhi ni kuweka kitu mahali salama ili kisipotee na uweze kukirudia, kama tunavyosema hifadhi ya nyaraka. Nikapendekeza "Hifadhi". Nikasimama karibu na tangi, barua ikaenda. Kesho yake msimamizi akashukuru. Nilijiona profesa, bwana!

Kisha akatokea mtu wa tatu. Huyu aliandika kutoka Tanzania. Alisema "Hifadhi" ni zuri, lakini mtumiaji wa kawaida angeelewa upesi zaidi "Tunza". Akatoa sababu zake mbili. Sikuzipenda. Si kwamba zilikuwa mbaya, la, ila niliona kama mtu amekuja kuniparia makaa wakati mboga yangu imeshaiva.

Usiku ule nikaamua kumwandikia msimamizi kwa siri. Arifa ya mwisho kutoka kwake ilikuwa na jina lake juu kabisa, pale panapoonyesha barua imetoka kwa nani. Nikadhani, kama barua imetoka kwake, nikiijibu itamrudia yeye. Nikabonyeza "Jibu", nikaandika kwamba asimsikilize yule jamaa, kwamba Kiswahili chake ni cha kuombea maji, na kwamba mimi ndiye katibu wa chama cha Kiswahili shuleni kwetu. Nikatembea hadi kwenye tangi. Barua ikaenda. Nikalala usingizi wa pono.

Asubuhi mama aliniita. Sauti yake niliijua.

"Njoo hapa. Ni nani huyu wa Tanzania anayeniandikia habari zako?"

Nikaichukua rununu. Palikuwa na ujumbe mfupi kutoka nambari ya kigeni. Ulisema hivi kwa muhtasari: "Shikamoo mama, samahani kwa usumbufu. Nambari yako ya simu na jina la biashara yako vimeonekana hadharani mtandaoni, chini ya maoni ya kijana aliyetumia simu hii. Tafadhali mwambie aviondoe mapema, wasije wakakusumbua matapeli."

Masalale! Programu ya barua katika rununu ile ilikuwa imewekwa iongeze sahihi ya mama mwishoni mwa kila barua: jina, "Mshonaji wa sare na nguo za harusi", na nambari ya simu. Mimi sikuiona kwa sababu ilikuwa chini, nje ya kioo. Barua yangu ya kwanza ilibeba sahihi ile. Ya pili, ile ya matusi, ikaibeba pia. Na barua zote mbili zilikuwa zimewafikia watu wote waliofuatilia suala, pamoja na huyo niliyemtukana.

Hapo ndipo nilipofahamu uzito wa mambo. Yule mtu alisoma kwamba Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Chini ya tusi hilo akaona nambari ya simu ya mama wa watu. Angeweza kukasirika akaipuuza. Angeweza kumpigia mama akamwambia mwanawe ni mtovu wa adabu, naye hangekuwa amekosea. Badala yake aliamkia, akaomba radhi kwa usumbufu, akatoa onyo. Hakutaja tusi hata kwa neno moja. Na Kiswahili cha ujumbe ule, msomaji wangu, kilikuwa kizuri kuliko changu.

Sikuweza kumficha mama. Nilimweleza yote. Hakunichapa. Aliniambia tu, "Umelitumia jina langu kumtusi mtu. Nenda ukalisafishe."

Nilitembea hadi mjini, kwenye duka la mtandao, nikaingia kwenye ukurasa wenyewe. Nikaifuta sahihi katika maoni ya kwanza, nikayaondoa maoni ya pili. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kufuta ukurasani hakukuzifuta barua zilizokwisha kuingia kwenye vikasha vya watu. Nikaandika maoni mapya, safari hii nikijua fika ninaandika barazani. Nilikiri kwamba nilidhani ninamwandikia mtu mmoja, kisha nikasema kwamba hiyo haikuwa sababu, kwani neno lisilofaa hadharani halikufaa sirini pia. Nikamwomba radhi yule ndugu.

Alijibu jioni ile ile. "Yamekwisha, mdogo wangu. Turudi kwenye neno." Akaeleza kwamba ameichunguza menyu yote, akaona "Tunza" itagongana na sehemu nyingine inayozungumzia utunzaji wa mashine, kwa hiyo anaunga mkono "Hifadhi". Fikiria hilo! Nilimtukana mtu aliyekuwa njiani kukubaliana nami.

Lakini kila kosa lina bei. Katika zile siku za mvurugano msimamizi alikuwa ameliweka suala kando, na toleo jipya la programu likatoka bila marekebisho yetu. "Hifadhi" iliingia katika toleo lililofuata, miezi minne baadaye. Tarakilishi za maabara yetu bado zina lile toleo la kati. Kila nikimaliza kuandika, menyu huniambia "Okoa". Siku hizi sicheki.

KANUNI ZA KUFUATA

Ili yasikupate yaliyonipata, shika kanuni hizi saba.

1. Tazama barua inakwenda wapi, si imetoka kwa nani. Juu ya arifa utaona jina la mtu aliyeandika maoni, lakini anwani ya kujibia ni ya mjadala. Kabla ya kutuma, ifungue sehemu ya mpokeaji uisome.

2. Ukitaka kumwandikia mtu kwa siri, anza barua mpya kwa anwani yake, ikiwa ameitoa mwenyewe. Usiitumie arifa kamwe. Na kama hungeweza kulisema jambo mbele yake, afadhali usiliandike kabisa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

3. Ondoa sahihi. Shuka hadi mwisho wa barua uone kilichoko chini. Jina kamili, nambari ya simu, mahali unapoishi, vyote hivyo havina kazi katika mjadala wa programu. Usitegemee mashine ikukatie, kwa maana haiwezi kujua kila mara barua inaishia wapi na sahihi inaanzia wapi.

4. Punguza manukuu. Usirudishe barua nzima ya watu. Bakiza sentensi moja au mbili unazozijibu, kisha andika jibu lako chini yake. Waundaji wa Linux wana desturi hiyo, nayo humsaidia msomaji kujua unajibu hoja ipi.

5. Usimpelekee mtu mwingine arifa yako ovyo. Ule ufunguo uliomo kwenye anwani ya kujibia ni kama mhuri wa shule. Katika huduma kama GitLab, ufunguo ndio unaoiambia mashine mchangiaji ni nani. Mtu akiupata anaweza kuchangia kwa jina lako. Ukitaka rafiki auone mjadala ulio wazi, mpe kiungo cha ukurasa.

6. Zima majibu ya kujiendesha. Kuna watu huweka barua ijijibu yenyewe, "Niko likizoni hadi tarehe fulani." Jibu la namna hiyo laweza kubandikwa kwenye mjadala kama maoni, tena na tena, kila arifa inapokuja. Mwaka wa 2004 wataalamu wa mtandao walitoa mwongozo wa kuweka alama maalum katika majibu kama hayo ili mashine zisijibizane bila kikomo. Si kila programu huufuata mwongozo huo.

7. Andika hoja moja, kwa ufupi, pamoja na sababu na mfano. "Neno hili ni baya" si hoja. "Neno hili humaanisha hivi, nasi tunataka vile, kwa mfano..." hiyo ni hoja. Na usibadilishe kichwa cha barua bila sababu, wala usijibu arifa ya suala moja kwa kuzungumzia suala jingine, kwa maana maneno yako yatabandikwa pasipo pake.

MSAMIATI WA SOMO

Arifa: taarifa fupi inayokujulisha kwamba jambo jipya limetokea.
Ufunguo: mfuatano wa herufi na tarakimu unaotambulisha mtu au mjadala.
Suala: kasoro au pendekezo lililoandikwa na kupewa nambari ili lijadiliwe.
Msimbo: maagizo ya programu kama yalivyoandikwa na muundaji.
Msimamizi: mwenye jukumu la kuamua nini kiingie katika programu.
Manukuu: maneno ya barua ya awali yanayorudiwa ndani ya jibu.
Sahihi: mistari ya mwisho wa barua yenye jina na maelezo ya mwandishi.
Toleo: programu kama ilivyotolewa kwa watumiaji wakati fulani.

ZOEZI

(a) Eleza tofauti kati ya "okoa", "tunza" na "hifadhi". Tunga sentensi mbili kwa kila neno.

(b) Arifa imekuja ikiwa na jina la Juma juu yake. Ukibonyeza "Jibu", maneno yako yatasomwa na nani? Toa sababu.

(c) Rafiki yako anataka kukuonyesha arifa aliyoletewa, naye anataka kukupelekea barua yenyewe. Mshauri kwa aya moja.

(d) Andika upya jibu lifuatalo liwe fupi, la adabu na lenye hoja: "Hiyo tafsiri yenu ni takataka, kwani nyinyi mlisomea wapi?"

(e) Tafuta katika rununu au tarakilishi yoyote neno moja la Kiswahili lililotumiwa vibaya. Andika suala la mistari isiyozidi mitano ukipendekeza neno bora.

Majibu ya swali la mwisho yaletwe kwa mlezi wa chama kabla ya mwisho wa muhula. Tumekubaliana kwamba kila pendekezo litasomwa kwanza na wanachama watatu, nao wataangalia vitu viwili: hoja iliyo juu, na kilichoko chini ya barua. Yale yatakayopita yatatumwa kwenye miradi inayohusika, kwa jina la chama.

Yule ndugu wa Tanzania bado ananiandikia mara moja moja, kwa anwani yake mwenyewe. Juzi aliniuliza kama shuleni tumekwisha kuweka toleo jipya. Nimemjibu kwamba bado. Lakini kabla ya kutuma niliifungua sehemu ya mpokeaji, nikaisoma jina herufi kwa herufi.

Wasalaam.